Siku Niliyojibu Maswali ya Kaburini Ndani ya MRI

Shoga yangu, nakwambia wewe kwa sababu najua hutonicheka usoni, utangoja ufike kwako ndo ucheke. Aibu hii mpaka leo nikiikumbuka naosha vyombo, najikutaga nimesimama tu, maji yanamwagika.

Binti yangu Zuhura anasoma chuo, shahada ya pili, utafiti wake ni wa ubongo: mtu asiye na ugonjwa anaingizwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, analala macho wazi bila kufanya kitu, wao wanaangalia sehemu ipi ya ubongo inaongea na ipi. (Nikamuuliza, sasa kutofanya kitu kuna nini cha kusomea? Akasema, mama, ubongo hautulii hata ukitulia wewe.) Siku hiyo mtu wake wa mwisho akaingiwa na woga, akazima simu, na profesa alishasema picha zisipotimia leo mashine hawapewi tena, yaani mwaka mzima wa mwanangu umeenda na maji. Nikasema mie nipo, nina ubongo, twende.

Kule hospitali wakaniuliza, "Mama, umelala vizuri?" Nikajibu alhamdulillah, ambalo si jibu. Nilikuwa nimefunga sunna ya Jumatatu, na hesabu za shule yangu ya jioni zilikuwa zimeninyima usingizi (ndio, mie naye mwanafunzi).

Wakanivua pete, bangili, hereni, mpaka vibanio vya nywele. Gauni la hospitali, masikio yakazibwa, shuka jeupe juu, uso ukafunikwa na kizimba, nikasukumwa ndani ya tundu jembamba. Zuhura akaniminya mguu. "Usilale mama, ukilala picha zinaharibika."

"Silali."

Mashine ikaanza kugonga, du, du, du, na ukigongewa kwa mpangilio namna ile, shoga, ule mlio unalainika, ukawa mtu anatwanga mahali mbali, nikamwona marehemu mama yangu uani kwetu kwa zamani pale Kawe, anapepeta mchele, na zile pumba haziangukii chini, zinapanda taratibu kama zinaenda kwao, nami najihisi mwepesi, napanda nazo, kanga za watu kwenye kamba zinanipungia. Nikamwambia, mama, mbona hukuniita? Anatabasamu tu na ungo wake.

Kisha kutwanga kukakoma.

Kimya. Baridi. Nikapapasa: ukuta huku, ukuta kule. Shuka jeupe. Masikio yamezibwa. Na sauti nzito ya kiume ikatoka juu, ikaniita jina langu kamili: "Mwanahamisi binti Saidi. Unanisikia?"

Nimeenda darsa tangu nina meno ya utotoni, maswali ya kaburini, yale malaika wanayomuuliza maiti, nayajua kuliko namba yangu ya simu. Wewe ungefanyaje? "Nakusikia," nikasema. "Mola wangu ni Allah, Nabii wangu ni Muhammad, dini yangu Uislamu, kitabu changu Qurani."

Sauti ikasema, "Sawa, mama. Kuna chochote kinakusumbua?"

Nikaona malaika huyu ana upole, ngoja nijaribu bahati. "Mie nimeridhika, ila naomba nirudishwe kidogo kwa ajili ya Zuhura. Utafiti wake haujaisha, na profesa wake yule, Mungu amsamehe, ana roho kavu, mtoto anarudi nyumbani Boko anajifungia chooni analia, anafungua bomba eti nisisikie. Mkimpata huyo, muulizeni na yeye."



"Mama," sauti ikasema, "profesa ndo mie."

Nikataka kuinuka, paji la uso likagota kwenye kizimba. Wakanivuta nje. Profesa, mtu mzima, miwani imeshuka puani, na Zuhura pembeni amejifunika uso wote na mtandio. Gauni lenyewe liko wazi mgongoni, nikavuta shuka nifunike kichwa, mgongo ukabaki nje, nikalishusha mgongoni, kichwa kikabaki nje. Katikati ya vita hiyo nikasema, "Shikamoo, profesa."

"Marahaba." Akamgeukia mwanangu. "Bomba, Zuhura?"

Profesa akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Zile picha za usingizini hazitufai," akasema. "Lakini muda wetu wa mashine haujaisha. Mama, utaweza kurudi mle ukiwa hai?"

Nikarudi. Safari hii sikusinzia: nilimuwaza Zuhura mdogo, sokoni Tandale, ameshika pindo la kanga yangu, anauliza kwa nini vitunguu vina nguo nyingi.

Picha zikatoka. Zuhura akanionesha mahali pamewaka. "Hizi sehemu, mama, huchangamka pamoja mtu akitulia akawaza mambo yake au watu wake."

"Inaonesha nilikuwa namuwaza nani?"

"Hapana. Huko bado hatujafika."

Profesa nyuma yetu akasema taratibu, "Mie nadhani tulishaambiwa."

Siku hizi bomba la chooni likifunguliwa ni kwa kunawa tu. Nami nimeapa, nikiulizwa nimelala, nitasema nimelala au sijalala. Nawe ukimwona mtu anaiogopa hiyo mashine, msimulie haya, naye amsimulie mwenzake, ila kwanza mwambie alale kwake ashibe usingizi, na akiitwa jina kamili asikimbilie kujibu, aulize kwanza ni nani anayemwita.