Zamu ya Nyumba ya Mama Mika

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, Paroko alinikabidhi baiskeli ya parokia, kitabu cha ibada na onyo. "Wewe ni katekista, si padri mdogo. Kazi yako ni kufundisha, kusalisha na kujua nani anaumia." Nilikuwa kijana mwenye viatu vya kuazima, nikaona hiyo kazi ya tatu haina uzito. Kumbe ndiyo iliyonitoa jasho miaka yote.

Nilipangiwa vigango vya upande wa Bahi. Kigango, kwa ninyi mliozoea parokia za mjini, ni kanisa dogo ambalo padri hulifikia kwa nadra. Siku nyingine zote ni mzigo wako wewe katekista. Chini yake kuna jumuiya, yaani nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Kila mtu alikuja na kigoda chake, maana hakuna aliyekuwa na viti vya kututosha. Nazitamani jioni zile, na vumbi lake, na akina mama walionicheka nikikosea kuimba.

Paroko wa pili ndiye aliyekuwapo Danieli alipouawa. Yeye na Mika, vijana wa jumuiya moja, waligombania maji ya majaruba ya mpunga, Mika akampiga mwenzake jembe la kichwa. Danieli tukamzika, Mika akapelekwa mahabusu. Mama zao walikuwa majirani wa kisima kimoja. Kijiji kizima kililia, kisha kikaacha kumsalimu Mama Mika.

Matanga yalipokwisha, zamu ya sala iliangukia nyumba yake. Mwenyekiti wa jumuiya akaniambia, "Katekista, tuiruke tu. Watu hawataenda." Nikapanda baiskeli hadi kwa Paroko, nikitumaini atakubali.

Alinisikiliza, akasema, "Ukiiruka leo, utairudia lini?"

Tulikwenda watu watatu. Mama Mika alikuwa amefagia ua wote na kutandika mikeka ya kutosha jumuiya nzima. Alipoona tulivyo wachache, aliinamisha kichwa. Nikaanzisha rozari.

Hapo tukasikia hodi. Mama Danieli alikuwa amesimama langoni na kaniki yake ya msiba, mikono mitupu. Mama Mika aliinua kichwa.

"Mama Mika," akasema Mama Danieli, "sikubeba kigoda. Nitakaa wapi?"

Mama Mika akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka wake. Wakakaa pamoja bila kutazamana. Kisha Mama Danieli akanigeukia mimi. "Sijasamehe, Katekista. Nimekuja kusali. Endelea."

Niliendelea huku nalia, na sioni haya kuwaambia. Wiki iliyofuata tulisali kwa Mama Danieli. Mama Mika alikuja, na safari hii watu walimwitikia salamu.

Sasa nimestaafu, naishi Dodoma mjini kwa binti yangu, mtumishi wa serikali. Jumuiya tunayo, na ni watu wema, wengi wamehamia huku na ofisi zao. Zamu ikifika kwetu, viti vya plastiki hupangwa mapema, na asiyekuja hutuma ujumbe kwa simu. Binti yangu hunicheka nikitoa kigoda changu.

"Baba, viti vipo."

Najua vipo. Mama Danieli na Mama Mika wote wametangulia mbele za haki, na hakuna watu ninaowakumbuka kama hao. Hata viti vikijaa vyote, bado nageuka kutazama geti, nikitamani kumsikia mtu mmoja akiuliza atakaa wapi.