Mlango Usio na Chaki

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi mengine yamenitoka, hata mahali nilipoweka miwani yangu asubuhi hii. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nina penseli iliyochongwa vizuri, mkoba wa serikali begani na kitambulisho kinaning'inia kifuani. Nilikuwa karani wa sensa. Kama hujawahi kuona majivuno yakipanda mlima kwa miguu, ungeniona mimi nikielekea Mghange.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia vijana wa hapa Voi mmeitwa kwenda kuandikisha kaya za kaunti yetu, nyumba kwa nyumba, na wewe ni mmoja wao. Juzi ulinipitia na kishikwambi chako kipya, ukanionyesha kinavyowaka, ukasema, "Nyanya, hii kazi ni rahisi, hao watu wote nawajua." Mimi nikakumiminia chai, nikanyamaza. Usidhani nilikuwa nimekubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Zamani hizo tulifundishwa kazi katika darasa la shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika kidevuni. Tuliambiwa kaya si ukoo wala si boma. Kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Andika aliyelala humo usiku wa sensa, basi. Kisha ukimaliza, andika namba kwa chaki juu ya mlango, ili anayepita ajue watu wa humo wamehesabiwa.

Chaki ile ilikuwa na heshima yake. Mzee mmoja aliniomba nimfutie namba niiandike tena kwa ukubwa, kwa sababu ya jirani yake ilionekana kutoka barabarani na yake haikuonekana. Nikamwandikia. Watu wa milima yetu hawapendi kuachwa nyuma, na mimi sioni kosa lao.

Nilipangiwa Mghange kwa kuwa ni nyumbani kwa mama yangu na nilizijua njia zake. Lakini tangu nimalize shule nilikuwa nikikaa kwa shangazi hapa Voi, na karibu mwaka mzima ulikuwa umepita bila mimi kukanyaga kwa nyanya yangu, Nyanya Wawuda. Shika hapo, maana ndipo kosa lilipoanzia.

Nyumba ya Nyanya ilikuwa ya mwisho kabisa, juu ya kilima, na njia yake ilikuwa ya kupanda kwa mikono na miguu. Siku ya mwisho ya kuandikisha mvua ilininyeshea, viatu vikanasa kwenye tope, na nyumba moja tu imebaki. Nikasimama chini ya paa la duka, nikaitazama ile njia, nikajiambia: kwani kwetu nitauliza nini? Nyumba yetu naijua. Nikafungua kitabu, nikaandika. Mkuu wa kaya, Mwakio, mjomba wangu, maana ndiye mwanamume. Wa pili, Nyanya Wawuda. Watoto aliowazaa, watano. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, na mwandiko ulitoka mzuri kweli. Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga, na mguu wangu ulikuwa umeshaanza kuvimba bila mimi kujua.

Kesho yake kitabu kilitakiwa kwa msimamizi wetu huko chini kabla ya saa sita mchana. Asubuhi jua liliwaka, nikaona nipande nikamsalimu Nyanya, nile kimanga chake cha ndizi na maharagwe, kisha niteremke. Nilimkuta amesimama mlangoni, kanga mabegani, anaangalia juu ya fremu ya mlango kama mtu anayetafuta nyufa.

"Karibu, karani," akasema.

"Nyanya, shikamoo. Leo sikuja kama karani. Nimekuja kama mjukuu."

"Marahaba. Wajukuu ninao wengi. Ninayemngoja ni karani. Milango yote ya kilima hiki imeandikwa, wangu haujaandikwa. Mlango wangu una ukoma?"

Nikacheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimekwisha kumwandika tangu jana. Naijua nyumba, sikuona haja ya kumsumbua.

Nyanya hakucheka. Akaketi kwenye kigoda, akaniashiria niketi kwenye kile kingine. "Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Nilipofika kwenye mkuu wa kaya akaniinulia mkono. "Mwakio? Huyu Mwakio ambaye viatu alivyovaa akienda Mombasa nilimnunulia mimi?"

"Amekwenda Mombasa?"

"Ana miezi minne bandarini. Chakula cha hapa kinatoka kwenye jembe langu, paa hili nililipiga bati mimi, na karo ya mama yako niliilipa mimi. Nani mkuu?"

Hapo nikasikia sauti nyembamba kutoka ndani, sauti ya mtoto mchanga akilia njaa, na baada yake sauti ya mwanamke akimbembeleza. Nikamtazama Nyanya.

"Ndiyo," akasema. "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hata wewe ni lazima ufungue. Wewe zaidi, kwa sababu unadhani unajua."

Ndani alikuwako Rehema, mwanamke Mtaveta kutoka Mata, kule mpakani na Tanzania, na kitoto cha wiki mbili. Mafuriko yalikuwa yamewachukulia nyumba na shamba. Mumewe alivuka mpaka kutafuta kibarua, na yeye akaja huku milimani kuuza ndizi za watu sokoni Wundanyi, mimba imefika miezi saba, hana pa kulala. Nyanya alimkuta hapo sokoni na kumpandisha nyumbani siku hiyo hiyo.

Nami, kwa ujinga wangu, nikasema kwa sauti ya chini, "Lakini Nyanya, huyu si ni mgeni tu?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe nilimpa, akalishika hadi wiki aliyojifungua. Analala hapa, anakula chungu changu. Unataka nini zaidi?"

Mwanangu, nataka uelewe kilichokuwa mkononi mwangu pale. Kule Mata nyumba ya Rehema haikuwepo tena ya kubishiwa hodi. Huku Mghange mimi nilikuwa nimekwisha kuifunga kaya kwa kumbukumbu. Kama kile kitabu kingeteremka jinsi kilivyokuwa, yule mama na mwanawe wasingekuwa popote katika nchi hii, na aliyewafuta angekuwa mimi, mjukuu wa nyumba iliyowapokea. Jua lilikuwa linapanda na msimamizi alikuwa ananingoja. Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo.

Nyanya akaniambia neno ambalo ningeweza kulichonga kwenye jiwe. "Wakesho, hukutumwa kujua. Ulitumwa kuuliza. Sasa toka nje, uje upya."

Nikatoka. Nikasimama uani na mkoba wangu, nikapiga hodi kwenye mlango ambao nimeuingia tangu natambaa. "Hodi hapa."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni karani wa sensa, mama. Nimekuja kuwaandikisha."

"Tuonyeshe kitambulisho."

Nikakionyesha. Nyanya alikikagua mbele na nyuma, na yeye hajui kusoma hata herufi moja. Ndipo nikatoa raba, nikafuta, nikaanza kuuliza kama nilivyowauliza watu baki. Mkuu wa kaya? "Wawuda, mjane, mkulima." Alilitamka taratibu ili nisiruke hata silabi. Kisha nikafika kwenye swali la wanawake, watoto uliowazaa wakiwa hai ni wangapi, na penseli ikaanza yenyewe kuandika tano.

"Saba," akasema Nyanya.

Nikainua kichwa.

"Watano unawajua. Kabla ya mama yako walikuwapo Mghoi na Mwadime. Mghoi alitembea kabisa. Homa iliwachukua wote wawili, msimu mmoja."

"Mbona hukuwahi kutuambia?"

"Nani aliniuliza?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni muda mrefu hadi mgongo ukazoea, na sasa amepata mtu wa kumshikia upande mmoja. Niliandika saba. Miaka yote hiyo tulikula kwake na kulala kwake, wajukuu kumi na kitu, na ikabidi serikali imtume mtu kumuuliza. Hilo liliniuma wakati ule, na likinijia mpaka leo huniuma.

Nikamgeukia Rehema. Jina, umri, alikozaliwa. Kisha mtoto. Rehema akasema bado hana jina, na mimi nilikuwa nimefundishwa cha kufanya, andika "mtoto" uendelee na safari. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshapata somo. Nikauliza, "Ungependa aitwe nani?"

Rehema akamtazama Nyanya, akamtazama mwanawe, akasema, "Andika Wawuda."

Nyanya alijifanya anafukuza kuku.

Nilipomaliza nikatoa chaki, nikapanda juu ya kigoda, nikaandika namba kwenye ule mlango. Nyanya alisimama chini akinielekeza, juu kidogo, nene kidogo, hadi akaridhika. Niliteremka kilima mbio na kumfikia msimamizi saa saba na nusu. Alinikaripia mbele ya makarani wote. Akaona ukurasa uliofutwafutwa, akanikaripia tena. Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliandika kaya nikiwa chini ya paa la duka. Akasema wengi hufanya hivyo, wachache hurudi, akatia sahihi. Hakuna kukaripiwa kulikowahi kunipendeza kama kule.

Matokeo yalipotangazwa redioni nilikuwa kwa Nyanya. Msomaji akataja idadi ya watu wa Taita Taveta, namba ndefu kama treni ya mizigo. Nyanya akaniuliza tarakimu ya mwisho kabisa ni ngapi, nikamwambia. Akasema, "Humo ndimo alimo Wawuda mdogo." Kila aliyekuja kutembea aliambiwa habari hiyo, na Rehema, aliyekuwa bado anaishi hapo, hakuwa akiinuka mpaka masimulizi yaishe. Namba ya chaki haikuwahi kupanguswa. Nyanya aliikwepa kwa uangalifu kila alipopaka chokaa ukutani, na alipofariki ilikuwa bado inasomeka.

Nimeishi Voi miaka mingi tangu hapo. Plotini kwangu, kwenye vyumba vya kupanga, tuna familia ya Kiswahili yenye duka, tuna Mkamba, tuna mzee aliyeshuka kutoka bara akasema anapita tu, na sasa wajukuu zake wanasema Kidawida, lugha yetu ya milimani, kunishinda mimi. Najivunia kaunti hii, mwanangu, wala sifichi. Lakini najua ilivyopatikana ile hesabu yake. Ilipatikana mlango mmoja mmoja, kwa watu kuuliza na watu kujibu. Haba na haba hujaza kibaba, na punje moja ukiiacha nje, kibaba si kibaba.

Kwa hiyo shika hili. Usiandike unachokijua, andika ulichoambiwa. Usimpe mwanamume ukuu kwa sababu ya suruali yake. Mwenye kulala humo na kula humo ni wa humo, hata kama alifika jana na kifurushi. Na mama akitaja watoto ambao hukuwaona, weka kishikwambi chini kidogo kabla ya kuendelea. Swali lako huenda likawa la kwanza kumfikia.

Mungu akupe miguu ya kupanda na masikio ya kusikia. Akujalie siku ya kuhesabiwa kwako uwe na wenzako wa chungu kimoja, asipungue hata mmoja. Kaya yangu mimi bado hujaiandika, na juzi nilikuona ukiingia bila hodi na kwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Sasa toka nje, mwanangu, uje upya.