Ruhusa Isiyo na Muhuri

Mtoto wa kwanza niliyemwona akioshwa katika nyumba ile ya Mji wa Kale alikuwa mto wa sufi. Mwoshaji wake alikuwa mwenye nyumba wangu, mzee wa Kihindi mwenye duka la leso Biashara Street, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa likiingia chumbani na kusalimia watu kabla yeye mwenyewe hajafika. Alikuwa ameketi juu ya kigoda cha jikoni, miguu ameinyoosha mbele, mto umelala juu ya miundi yake. Mkewe alisimama kando na kata ya maji, akimkaripia.

"Shingo! Shika shingo! Ushamvunja mtoto wa watu."

"Mto hauna shingo, Bi."

"Ndiyo nataka uitafute. Na huo mkono wako wa kupimia vitambaa, ulegeze. Yuwalia huyo."

Mzee akauinamia mto, akausikiliza kwa makini kana kwamba kweli unalia. Mimi nilikuwa mlangoni, nacheka mpaka nikashika ukuta, na kuta za nyumba zile za mawe ni nene kiasi kwamba ukiziegemea na kucheka, majirani wa nyuma hawasikii kitu hadi kesho yake.

Nilikuwa mpangaji wao, chumba cha juu. Nilitoka bara, upande wa Kaloleni, nikaja kisiwani Mombasa nikiwa na sanduku moja na hamu ya kusoma. Nilisoma masomo ya usiku, katika darasa lililokuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi. Nadhani mbu wawili watatu walifaulu pia. Huko ndiko nilikojifunza kupiga taipu na kutumia kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyonipatia kazi katika ofisi ndogo ya kukata tikiti za ndege, kwenye barabara itokayo Ngome ya Yesu kuelekea mjini. Hii ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya tisini. Kompyuta yetu ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, na ilipowashwa, naapa, feni ya dari ilipunguza mwendo kwa heshima.

Mzee aliniita beti, kama Wahindi wanavyomwita binti yao, na akitaka kunichokoza aliniita daktari wa kompyuta. Mkewe, mwanamke wa Mji wa Kale, wa kizazi na kizazi, mimi nilimwita Bi Mkubwa. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Australia, mji wa Perth, na mwaka ule alikuwa mja mzito wa mimba yake ya kwanza. Mumewe alifanya kazi mgodini, mbali, akirudi nyumbani baada ya majuma. Mama mkwe hakuwepo. Shangazi hakuwepo. Hata jirani wa kuombwa chumvi hakuwepo, kwa maelezo ya binti mwenyewe, maana huko majirani hupungiana mikono tu kutoka ndani ya gari.

Kwetu pwani mzazi hukaa ndani siku arubaini. Siku hizo zote hanyanyui kitu. Mama yake humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa mkaja, ile leso ndefu inayozungushwa kiunoni mpaka mifupa irudi mahali pake, humpikia uji wa pilipili manga, na mtoto humwosha yeye, juu ya miundi yake, kama alivyomwosha mzazi mwenyewe alipokuwa kichanga. Bi Mkubwa alikuwa amengoja kazi hii tangu siku ya harusi. Mkaja alishaununua, akaufukiza udi, akauweka kabatini.

Basi wakaja ofisini kwangu wote wawili, wamevaa nguo za Idi. Bi Mkubwa alitoa pasipoti yake ya Kenya, aliyoichukua kwa ajili ya kuhiji, safi kabisa. Mzee alitoa yake, ya Kiingereza, aliyobaki nayo tangu zama za wakoloni kwa sababu ambazo kila alipozieleza zilikuwa tofauti.

Nikachukua ya Mzee kwanza. Australia walikuwa wameanza utaratibu mpya kwa mgeni wa muda mfupi, yule anayekwenda kutembea au kuona jamaa, si kufanya kazi. Pasipoti yake ikiwa ya moja ya nchi walizozichagua, haendi ubalozini. Sisi wakata tikiti tunaandika kwenye kompyuta jina lake, tarehe ya kuzaliwa, nchi na namba ya pasipoti, tunabonyeza, na jibu linarudi kutoka huko huko Australia. Akiruhusiwa, anaweza kuingia na kutoka mwaka mzima, kila safari asizidi miezi mitatu.

Nilibonyeza. Bi Mkubwa alikuwa bado anatafuta leso ya kufutia jasho, na jibu likawa limerudi.

"Tayari," nikasema.

Mzee akachungulia nyuma ya kompyuta, kama mtu anayemtafuta karani aliyejificha. "Tayari nini? Muhuri uko wapi?"

"Hakuna muhuri, Mzee. Hakuna karatasi wala kibandiko. Ruhusa imo ndani ya mashine. Ukifika uwanja wa ndege wataiona."

"Wataiona ndani ya mashine yao?"

"Ndiyo."

"Na umeme ukikatika?"

Nikageukia pasipoti ya Bi Mkubwa. Nchi yetu haikuwa miongoni mwa zile zilizochaguliwa. Nikajaribu kumweleza polepole: kwake yeye kuna fomu, picha, barua ya benki, cheti cha ndoa, vyote vipelekwe ubalozini Nairobi, kisha asubiri. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya nazi, "Na mtoto, yeye atasubiri?"

Tulivipeleka. Wakaandika kutaka cheti kingine, tukakipeleka. Wakaandika kwamba ombi linashughulikiwa. Kila nikirudi kutoka kazini Bi Mkubwa alikuwa kwenye baraza ya ndani, akinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Nikaanza kuingia nimeshika kitu, mkate, ndizi, gazeti, chochote, mradi mikono isionekane mitupu.

Ilipofika mwezi wa kujifungua na Nairobi wako kimya, Bi Mkubwa alimaliza shauri wakati wa chakula cha mchana.

"Wewe utakwenda," akamwambia mumewe.

Mzee aliacha tonge hewani. "Mimi? Nikafanye nini? Hiyo si kazi ya wanaume!"

"Mlango umekufungukia wewe. Basi utaingia wewe, na mikono yangu utanibebea."

"Bi, watu wa Biashara Street wakisikia nakwenda kumkanda mzazi..."

"Mwanao yuko peke yake. Watu wa Biashara Street watamkanda?"

Ndipo likaanza darasa la mto wa sufi. Nimesoma usiku, nimesoma mchana, sijapata kuona mwalimu mkali kama yule wala mwanafunzi mbishi kama yule. Mzee alijua leso zote zilizowahi kupita bandari ya Mombasa. Angeweza kukutajia rangi zake akiwa amefumba macho. Lakini mkaja ulimshinda. Alinifanya mimi nisimame kama mzazi, akanizungushia kiunoni, akavuta, na nilitoa sauti ambayo paka wa mtaa mzima walikuja kuitikia.

"Wamfunga mtu au robota la vitambaa?" Bi Mkubwa akafoka. "Toka. Hivi. Waona? Vuta akitoa pumzi, pumzika akivuta."

Mara nyingine, katikati ya vicheko, alikuwa akimnyang'anya ule mto ili amwonyeshe, akauosha mwenyewe kimya kimya, kichwa hadi miguu, mafuta ya nazi mkononi, akasahau kuurudisha. Mzee alikaa tu akiangalia mikono ya mkewe.

Siku ya safari tulikwenda uwanja wa ndege sote watatu, asubuhi, na mizigo ya kutosha kufungua duka. Mzee akapeleka pasipoti kwenye kaunta. Kijana wa kaunta akaandika, akatazama, akaandika tena.

"Mzee, sioni ruhusa yako hapa."

Mzee aligeuka, akaninyooshea kidole mbele ya abiria wote. "Si nilisema? Nilisema! Kitu hakina muhuri! Daktari wa kompyuta, umeniua."

Nikaomba niione ile pasipoti. Ilikuwa inang'aa. Ilinuka gundi.

"Mzee, hii ni ipi?"

"Mpya," akasema, na kiburi kidogo kikamrudia. "Nimeichukua majuzi, nikanyamaza. Ile ya zamani mende walikuwa wameanza kuila pembeni. Nende kwa mjukuu na kitabu kilicholiwa?"

Alikuwa amejipamba kwa ajili ya mjukuu, kama mtu yeyote wa Mji wa Kale angefanya. Lakini ruhusa ile haikuwa imefungwa kwenye uso wake wala jina lake peke yake. Ilifungwa kwenye namba ya pasipoti ya zamani, na pasipoti mpya ina namba mpya. Nilikimbilia kibanda cha simu kwa mbio ambazo zingeweza kuiletea nchi yetu medali, nikampigia bosi wangu ofisini, nikamsomea namba. Nikamsikia akipiga taipu kwa vidole viwili. Niliporudi kaunta, Mzee alikuwa bado hajamaliza kumweleza yule kijana habari za mende.

"Imeingia," kijana akasema. "Safari njema, Mzee."

Tulicheka. Mzee alinishika mkono akaubusu kama mkono wa sharifu. Kisha nikaona kwamba Bi Mkubwa hacheki. Alikuwa ameshika kikapu chenye mkaja.

"Yaani yeye amekosea," akasema, "na wamemjibu papa hapa?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na mimi sijakosea."

Hakuwa akiuliza. Alimrekebisha mumewe kola, akampa kikapu, akamwambia, "Avute pumzi kwanza." Kisha akatazama sakafu hadi Mzee alipopita.

Nyumba ile bila Mzee ilikuwa kubwa kama bandari. Bi Mkubwa alipika uji wa pilipili manga kila siku, chungu kizima, na kwa kuwa hapakuwa na mzazi, niliunywa mimi. Niliukanda mwili wangu kwa uji ule mpaka nikawa na nguvu za kuzaa mapacha. Nikisikia leo harufu ya pilipili manga ikipanda na mvuke, popote nilipo, huwa nasimama. Nimeshapita mlango ule mara nyingi tangu wote wawili watangulie mbele ya haki. Wapo wapangaji wengine sasa, watu wazuri, wananisalimia vizuri, na mimi nasimama pale nikiongea mambo ya maji na umeme, huku masikio yananichungulia ndani, yakitafuta mtu anayekaripiwa.

Viza ya Bi Mkubwa ilikuja, sikatai. Ilikuja mtoto akiwa ameshaanza kukaa. Alikwenda, akakaa miezi yake, akarudi na picha, akasema ni mtoto mzuri na hana haya. Mkaja aliurudisha kabatini.

Lakini kila ninapoikumbuka nyumba ile, inanijia asubuhi moja ndani ya zile arubaini. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Simu ya sebuleni, iliyokuwa ikivishwa kitambaa cha kufuma kama mtoto wa sultani, ililia, na Bi Mkubwa akaniita niketi naye. Alikuwa Mzee, anapiga kelele kana kwamba Australia ni ng'ambo tu ya mkono wa bahari, kule Nyali, na simu haina kazi. Mimi niliyasikia yote bila kusogea.

"Bi! Mto ulikuwa na adabu! Huyu apiga mateke!"

"Mzazi je? Mkaja?"

"Ameuzoea. Asema nafunga kama wewe."

"Waongo nyote wawili," Bi Mkubwa akasema. Kisha, "Ushamwosha leo?"

"Ndiyo kwanza naanza. Maji yako tayari."

"Basi weka simu chini. Karibu na beseni."

Tukasikia kigoda kikikwaruza sakafu huko mbali. Tukasikia Mzee akiguna akijikunja kukaa. Kisha maji, kata moja, kisha nyingine, na kilio chembamba kilichokatika kikawa kikohozi.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mkeka, simu ameibana kwa bega. Nikaona amenyoosha miguu. Mikono yake ilikuwa imeshuka juu ya miundi yake, ikaanza kwenda, taratibu, kichwa, mgongo, kwapa.

"Shingo," akasema ndani ya simu. "Shika shingo."

"Nimeishika, Bi."