Nusu Kichwa Mbele ya Ubalozi

Kinyozi wangu wa Barking, mashariki mwa London, ni Mnaijeria, na kwa miaka sita ambayo amenikata nywele hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita Kenya. Wateja wake wote huwaita kwa nchi zao. Ukiingia pale Jumamosi asubuhi utamsikia Ghana akiambiwa asogee, Kongo akiulizwa kama mtoto amepona, na Wajamaika wawili wakitofautishwa kwa kuitwa Jamaika Mkubwa na Jamaika Mdogo. Mwanzoni nilidhani ni uvivu wa kukariri majina. Baadaye nikaelewa kwamba anaamini kila mtu anapaswa kujibu maswali kuhusu nchi yake. Serikali yetu ikifanya jambo la ajabu, mimi ndiye ninayeulizwa, shuka likiwa shingoni na wembe karibu na sikio.

Lakini serikali iliyomkera kuliko zote ilikuwa ya kwao. Malalamiko yake niliyajua kwa mpangilio: akianza na barabara alikuwa kwenye kisogo, akifika kwenye mafuta ya gari yuko juu ya utosi, na akianza kuwasema wakubwa wanaopanda ndege kwenda kutibiwa jino ng'ambo, nilijua amebakiza ndevu tu.

Jumamosi ninayoikumbuka, mke wangu alikuwa ameniagiza nikanyolewe halafu nirudi moja kwa moja nyumbani. Saa nane mchana tulikuwa na miadi ya kupigwa picha ya familia. Mama mkwe wangu, aliyeko Nakuru, alikuwa ameomba picha ya kutundika sebuleni, na alikuwa amesisitiza kwamba baba wa watoto aonekane nadhifu. Nilifika kwa kinyozi saa tatu na nusu. Hapakuwa na foleni. Alikuwepo tu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Mnaijeria pia. Nywele zake ziliisha zamani, lakini huja kila Jumamosi kusoma gazeti la bure na kusahihisha Kiingereza cha gazeti hilo kwa kalamu.

Nikaketi. Kinyozi akaanza upande wa kushoto. Ilipofika saa nne akampigia mama yake simu, kama anavyofanya kila Jumamosi, akaiweka karibu na kopo la poda ili asikie huku akiendelea na kazi. Mama aliongea kwa Kiyoruba, sauti ya utulivu, hadithi ndefu isiyo na haraka. Mimi sielewi Kiyoruba, lakini niliielewa mashine. Ilianza kupunguza mwendo. Kisha ikabaki imesimama mahali pamoja juu ya sikio langu. Kisha ikazimwa.

Akamuaga mama yake kwa heshima, akanitafsiria.

Mtaa wa mama yake ulikuwa hauna stima tangu kabla ya Krismasi. Transfoma ililipuka, wakazi wakaandika barua, wakaenda ofisi ya stima, wakaambiwa wasubiri. Hatimaye malori yakaja. Watu wakatoka nje wakapiga makofi. Kumbe malori hayakuleta transfoma. Yalileta vyuma na taa, na baada ya wiki tatu pale mtu anapoingilia mjini pakawa na tao kubwa lenye maandishi ya kuwaka: Karibuni Katika Mji wa Nuru. Tao hilo lilikuwa na jenereta yake. Mheshimiwa mmoja alikuja kulizindua saa sita mchana, taa zikawashwa katikati ya jua kali, na watu wakaombwa washangilie.

Wanawake wa mtaani hawakupoteza muda. Jioni ya kwanza walibeba viti vyao wakaenda kukaa chini ya tao. Mama yake kinyozi alikwenda na sinia la maharagwe ya kuchambua. Watoto walifuata na madaftari, na fundi mmoja akahamishia hapo cherehani yake. Wiki mbili mambo yalikuwa mazuri. Kisha Alhamisi akaletwa askari wa kuwaondoa, akisema taa zile ni za wageni.

“Mama akamwambia yeye ni mgeni,” kinyozi alisema. “Askari akamuuliza, mgeni kutoka wapi? Akamjibu, kutoka gizani, hapo nyuma.”

Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimbebea kiti mpaka nyumbani, lakini alimwondoa.

Kinyozi aliweka mashine mezani. Kisha akanifungua shuka shingoni, akalikung'uta na kulikunja. Nikadhani amemaliza. Nilipotazama kioo nikaona kushoto kumesafishwa kabisa, kweupe, na kulia kumebaki msitu wa wiki sita. Katikati palikuwa na mstari ulionyooka sana. Hilo siwezi kumnyima, mkono wake ni mzuri hata akiwa na hasira.

“Leo hatunyoi,” alisema. “Tunakwenda ubalozini.”

“Na kichwa changu?”

“Kichwa chako si kinakuja na wewe? Nitakimalizia kwenye treni.”

Akatia mashine ndogo ya betri kwenye mfuko wa koti, akamwambia mwalimu aje na kalamu. Tulipotoka nje nikafikiria kuvuka barabara niende kwa kinyozi wa upande wa pili. Alikuwa amesimama kwenye kioo cha mbele cha duka lake na alikuwa ameniona. Akanitazama, akamtazama kinyozi wangu akifunga mlango, kisha akatikisa kichwa polepole na kurudi ndani. Nyumbani nisingeweza kwenda na nusu kichwa. Na pia, lazima niseme ukweli, yule mama na kiti chake walikuwa wameniingia moyoni. Nikawafuata.

Kwenye treni hakuna aliyenitazama. Abiria wa London wana nidhamu hiyo, hata ungebeba mbuzi. Mwalimu aliandika barua ya malalamiko nyuma ya karatasi ya bei za kinyozi, kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine. Sentensi yake ya kwanza ilichukua vituo vitano. Kinyozi akatoa mashine, akaniinamisha kichwa, akaiwasha. Ikanguruma muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, ikafa. Hakuwa ameichaji.

Mwalimu akasema bila kuinua macho, “Na wewe transfoma yako imelipuka.”

Kinyozi hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nywele zikaniingia mdomoni.

Tulipofika ubalozini tulikuta mlango umefungwa. Ilikuwa Jumamosi. Kati yetu watatu, wakazi wa London wa miaka mingi, hakuna aliyelifikiria hilo. Mwalimu akasema sasa turudi. Kinyozi akasema amefunga duka, ametumia nauli, na hotuba anayo kichwani tayari. Akasimama mbele ya ule mlango na kuanza kuuhutubia.

Watalii wawili waliokuwa wakipita wakasimama, wakanitazama kichwa, wakauliza kwa adabu kama kinamaanisha kitu. Kabla sijafungua kinywa, kinyozi akajibu kwamba ndiyo, ni ishara. Upande wenye nywele ni viongozi, wamejaa kila kitu. Upande ulionyolewa ni wananchi.

Mwalimu akapinga. Alisema ishara imekaa vibaya. Upande ulionyolewa unang'aa, kwa hiyo ndio ule wenye tao na taa, yaani viongozi. Upande wenye nywele ni giza, kwa hiyo ndio mtaa wa mama. Kinyozi akasema ishara ni yake, yeye ndiye aliyenyoa. Mwalimu akasema mnyoaji hana mamlaka juu ya maana. Wakabishana hivyo, mmoja ananigeuza kichwa huku, mwingine anakirudisha, na watalii wanapiga picha kila ninapogeuzwa.

Basi, mabishano ya Wanaijeria wawili barabarani hayabaki ya wawili. Akapita mama mmoja na mifuko ya sokoni, akasimama, akauliza kuna nini. Alipoelezwa kuhusu tao aliweka mifuko chini na kusema kwao wamejengewa chemchemi ya kurusha maji juu, wakati nyumbani kwake mabomba yamekauka. Kijana aliyekuja na baiskeli ya kupeleka chakula akasema kwao wamepata uwanja wa gofu, na mwalimu wa hesabu hawana. Baada ya nusu saa tulikuwa watu kama ishirini. Kila aliyefika alieleza la kwao, na kila mmoja alimalizia kwa kutoa uamuzi wake kuhusu kichwa changu. Waliounga mkono wananchi kuwa upande wa nywele walizidi kidogo.

Polisi mmoja akaja akitembea taratibu na kuuliza nani kiongozi. Wote walininyooshea kidole. Nikamwambia mimi ni Mkenya, nilikuwa nanyolewa tu. Alinisogeza pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama na kama kuna mtu amenifanyia hivi bila ridhaa yangu. Nilifikiri kidogo kabla ya kujibu. Nikasema niko salama.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa mke wangu.

“Baba watoto, uko wapi?”

“Kwa kinyozi.”

“Kinyozi gani huyo, na mimi nakuona hapa unaandamana?”

Kumbe mtu alikuwa amepiga video na kuirusha mtandaoni. Ilikuwa imezunguka mpaka Nakuru, ikaingia kwenye kundi la simu la familia yake, na shangazi yake ndiye aliyemtumia akiuliza kama mimi ni mgonjwa. Ilikuwa saa saba na robo. Nikamwambia mke wangu nakuja. Mwalimu akaikunja barua yake, akaitumbukiza katika tundu la barua mlangoni, na tukaachana na wenzetu kwa kupeana mikono kama watu waliotoka arusini.

Ni kwenye treni ya kurudi ndipo kinyozi alipokumbuka kwamba nyuma ya barua kulikuwa na bei zake zote, pamoja na namba ya simu ya duka. Alikosa raha mpaka Jumatano, siku aliyopigiwa na mtu mstaarabu sana aliyekataa kusema anafanya kazi wapi. Alitaka tu kujua kama punguzo la wastaafu linahusu ndevu pia.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananisubiri mlangoni. Alinikalisha jikoni, akachukua mashine ninayonyolea ndevu na kuuondoa ule upande wa kulia wote. Hajui kunyoa, kwa hiyo alihakikisha hakuna kilichobaki. Binti yetu, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema ninafanana na kidole gumba. Picha tulipigwa saa nane na dakika kumi. Nimekaa katikati, wote wanatabasamu, na taa ya mpiga picha inang'aa juu ya utosi wangu.

Jumamosi iliyofuata sikuwa na nywele za kukata, lakini nilikwenda dukani kusikiliza simu ya saa nne. Mama alikuwa ameiona video, kinyozi akanitafsiria. Aliuliza kwanza kuhusu yule Mkenya maskini, kama nywele zake zimeota. Kisha akaeleza kwamba transfoma bado, ila askari naye ameiona ile video na kujisikia vibaya. Sasa anawaruhusu kukaa chini ya tao kwa sharti kwamba wageni wakija watasimama na kuwapisha. Hakuna mgeni aliyekuja. Askari mwenyewe ameanza kuleta kazi zake za chuo, na mama humsaidia hesabu.

Nilipotoka hapo nikampigia mama mkwe kumuuliza kama picha imefika. Alisema imefika na ameitundika, lakini kuna jambo linamsumbua.

“Mwanangu, kama una nguvu za kuwaandamania Wanaijeria,” alisema, “hii barabara yetu wewe huioni? Uliposa kwangu ukiwa umevua viatu, miguu imejaa matope. Matope ni yale yale.”

Nilimuaga mama mkwe. Nikarudi dukani nikamwambia kinyozi. Aliinua macho kutoka kwa Ghana, ambaye alikuwa amenyolewa robo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaonekana mwenye furaha kamili.

“Kenya,” alisema, “ninyi ubalozini mnafungua siku gani?”

Tulikwenda Jumatatu, watatu, mwalimu akiwa na karatasi safi. Mlango ulikuwa wazi. Dada wa mapokezi alidhani tumefuata pasipoti, akatupa namba, nasi tukaketi kusubiri zamu yetu.