Miguu Waliyomwonyesha Mjukuu Wangu

Ninayasema haya kwa mdomo, na mjukuu wangu anayaandika, kwa kuwa mimi sikuingia darasani. Ni yeye mwenyewe ninayemzungumzia. Nimemwonya asilainishe neno hata moja.

Amepewa jina la marehemu mume wangu, kama desturi yetu inavyotaka kwa mwana wa kwanza wa mwanangu, na tangu utotoni nilimwita "mzee wangu". Alipopata nafasi ya kusomea udaktari katika chuo cha mjini, nikaanza kumwita Daktari, na majirani wa Kabiria wakafuata.

Kila Jumapili baada ya ibada nilimketisha kwenye benchi nyuma ya kanisa, na akina mama wenzangu wakaja na maradhi yao.

"Shosho, bado sijafundishwa kutibu," aliniambia mimi bibi yake. Alikuwa mwaka wa pili tu.

Nilimjibu kwamba macho anayo, atazame. Basi akatazama magoti na nyayo zilizovimba, nao wakamtania.

"Daktari, mguu huu ukipona nitakupa binti yangu."

"Na usipopona?"

"Utanioa mimi mwenyewe."

Mwezi uliopita tulikuwa jikoni mwa kanisa tukimenya viazi vya kuponda mukimo wa harusi. Nilimkaripia mwenzangu mmoja kwa kutoa maganda manene, kana kwamba viazi vinaota mlangoni pake. Hakuinua kichwa.

"Maganda unayaona," akasema. "Daktari wako aliyeacha shule humwoni."

Niliwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja akapata kiazi cha kushughulikia.

"Ameacha lini?"

"Tangu Pasaka," mwingine akajibu kwa upole. "Anauza miche kwenye kitalu cha kando ya barabara, Spring Valley. Mwanao anajua. Mchungaji pia. Tulikuhurumia, mama."

Walikuwa wanajua, na bado kila Jumapili walimnyooshea miguu ili mimi nisijue. Uongo wa mtu mmoja ningeuvumilia. Huu waliubeba kwa pamoja watu wote niliokula nao, na mimi ndiye niliyewapanga foleni.

Jioni mjukuu wangu alirudi na koti lake jeupe mkononi.

"Koti hilo umelivaa wapi leo?" nikamwuliza.

"Sikulivaa, Shosho."

"Nani alikutuma unidanganye?"

"Hakuna. Nilitaka kukuambia, lakini kila nikianza, unaita mtu aje nimtazame."

Nilidhani aliogopa maiti wanazofundishiwa. Akasema hapana, kilichomtisha ni kwamba hakujali. Wenzake walibaki nyuma kumwuliza mwalimu maswali, naye alikuwa wa kwanza kutoka. Hakujua kama kazi ile haikuwa yake, au kama alikuwa amechoka tu.

"Na hiyo miche?"

"Naipenda. Lakini sijui kama ni kazi ya maisha."

Sikumfariji. Nilimwambia kwamba mashaka ni yake, ila aibu niliyoipata mbele ya vile viazi ni yangu, na sijaisamehe. Hata sasa anapoandika, sijaisamehe.

Chuo kilikuwa hakijamfuta. Kilitaka aende aseme kama anarudi au anaondoka. Mwanangu alijitolea kumpeleka, nikamkatalia. Habari za mtoto huyu sizipokei tena kutoka kwa mtu mwingine. Jumatatu nilivaa gauni langu la kanisani, tukaenda mjini sote wawili, nikakaa kwenye kiti cha ukumbini nje ya ofisi. Alipoingia nilimwambia auache mlango wazi.

Nilimsikia akiomba mwaka mmoja wa kusimamisha masomo, apate kufikiri. Mama wa ofisini alimwuliza kama watu wa nyumbani wana habari. Mjukuu wangu akageuka, akanitazama pale nilipoketi.

"Tuna habari," nikajibu mimi.