Mwambie Mama Apige Kafi Kushoto

Mke wangu alisikia mahali kwamba mjamzito anatakiwa kuburudika. Burudani aliyoichagua, kati ya zote zilizopo duniani, ni kukaa ndani ya kayaki ya plastiki na kuzunguka ghuba ya Tanga. Kayaki ya watu wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Mimi mtoto wa Muheza, niliyekulia kwenye michungwa, maji mengi niliyowahi kuyavuka ni ya mvua barabarani.

Jumapili asubuhi tukateremka ufukweni, jirani na bandari, sisi wawili na mama mkwe aliyetubebea kapu la vitumbua. Hapo niseme lililokuwa likininyima usingizi. Mimba ilikuwa ya kwanza na ilikwisha kuwa kubwa, na mama mkwe hajatamka kama atakuja kwetu kumtunza binti yake siku arobaini za uzazi. Kila akiulizwa alijibu "Mungu akipenda," kwa sauti ya mtu anayeomba Mungu asipende. Bila yeye nilikuwa nimekwisha. Mtoto mchanga sijui hata anashikwa upande gani.

Kumwomba mwenyewe nisingeweza. Babu aliyenilea alinifunza kwamba mkwe haambiwi neno usoni. Ukikutana naye njiani unampisha, na ukiwa na la kusema unampa mkeo alifikishe. Tangu nioe, ukiacha shikamoo niliyoitoa nikitazama ardhi, sikupata kumwambia mama yule hata "karibu chai". Nilijiona mwenye adabu wa kupigiwa mfano.

Basi, harufu ya bahari ikamchafua mke wangu roho, akakaa mchangani akasema haingii. Mama mkwe akavua viatu.

"Naingia mie," akasema. "Nimezaliwa Chumbageni nimezeekea Chumbageni, mji huu sijauona nikiwa majini."

Akavishwa laifu jaketi juu ya baibui, akakaa mbele. Nami nikaketi nyuma yake, magoti yangu yakikaribia mgongo wake, katika chombo kilichobuniwa bila shaka na watu wasio na wakwe. Mwenye kayaki akatupa somo: wa nyuma ndiye anayeongoza, ndiye anayemwambia wa mbele apige kafi upande upi. Yaani nimwamrishe mama mkwe. Ahsante sana.

"Mwambie mama apige kushoto," nikampazia sauti mke wangu.

"Mama, kushoto," akaitika kutoka mchangani, akicheka. Mama akapiga kushoto.

Mambo yakaenda hivyo vizuri kabisa, mpaka sauti ya mke wangu ikawa haifiki. Nikafanya ambalo msomi yeyote angelifanya. Nikatoa simu kwenye mfuko wake wa plastiki, nikampigia, nikaweka spika. Nikamwambia amwambie mama apunguze kasi. Mama, ambaye ningeweza kumgusa bega, akapokea maagizo yake kutoka nchi kavu. Wavuvi waliotupita kwa boti ya mashine walizima mashine ili wasikie vizuri.

Kisha simu ikaisha chaji.

Maji yalikuwa yanakupwa. Mbele yetu, karibu na mikoko, niliona tope likianza kutokeza, na nilijua kabisa kwamba tunatakiwa kukata kulia. Nikanyamaza kwa heshima. Tukaenda kwa heshima hiyohiyo mpaka tukakwama.

"Hili tope uliliona?" akauliza bila kugeuka.

Nikatafuta ardhi ya kuitazama, nikatazama tope. "Nililiona, mama."

"Ukanyamaza."

"Kwetu mkwe haambiwi, mama. Ni heshima."

Akaweka kafi mapajani. Akatazama kaa wadogo wakitupita pembeni.

"Heshima," akasema. "Mie nikadhani majivuno. Nikasema, huyu bwana ananipita kama nguzo ya umeme, nitakaaje kwake arobaini nzima, nipike uji, nikande mzazi, na mwenye nyumba hana neno nami?"

Niliona aibu, nikashukuru kwamba kayaki inampa mtu kisogo. Nikakiambia kisogo kile yote: kwamba naogopa, kwamba usiku namsikiliza mke wangu akipumua nikajiuliza nitafanya nini, kwamba namwomba aje. Sijawahi kusema na mtu maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo.

"Shuka usukume," akasema.

Nikashuka. Kandambili yangu moja iko kule mpaka leo. Safari ya kurudi nilisema mwenyewe, kulia, kushoto, taratibu mama, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Mke wangu alitupokea kwenye maji ya magoti, akauliza tulipotelea wapi. Mama mkwe akamkabidhi kafi, akakamua pindo la baibui. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, nimemshikia viatu vyake. Akamtazama binti yake tu.

"Mwambie mumeo," akasema, "atafute godoro lisilobonyea. Siku arobaini ni nyingi kwa mgongo wangu."