Mtakatifu Verlene wa Chumba cha Dobi

Kwa utukufu wa mbingu, kwa heshima ya shule yetu iliyo juu ya vilima vya Massachusetts, na kwa faida ya roho zote zinazosinzia kanisani, hapa yanaandikwa maisha ya Mtakatifu Verlene wa Chumba cha Dobi. Papa hajamtangaza. Askofu hamjui. Nimemtangaza mimi, kwa sababu Kasisi Lathrop aliagiza kila mwanafunzi wa somo la dini aandike maisha ya mtakatifu kabla ya Ijumaa, na wale wazuri walikuwa wameshachukuliwa.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1951 karibu na Natchez, Mississippi, mtoto wa sita wa Amos na Lutie Tisdale, waliochuma pamba katika shamba lisilo lao. Alisoma hadi darasa la nane. Mwaka 1974 alipanda basi kwenda kaskazini, ambako alikuwa ameambiwa kwamba watu wote ni sawa. Huko akapewa kazi ya kufua nguo za shule yetu, pamoja na mlango wake wa kuingilia, nyuma ya jiko. Alifua kwa miaka thelathini na minane.

Wito ulimjia ndani ya foronya. Mwanafunzi fulani alikuwa amesahau humo kitabu cha mashairi ya nchi yetu, kikafuliwa pamoja na mashuka. Bi Verlene alikikausha kwa pasi, ukurasa kwa ukurasa, na kwa kuwa alikuwa amesimama tu, akakisoma. Washairi wale waliandika kwamba kila nafsi katika jamhuri hii ina ukubwa uleule, ya rais na ya mkata kuni. Maoni yake juu yao yamehifadhiwa na wengi. "Wanasema wao ni mimi," alituambia. "Haya. Waje basi wawe mimi Jumatatu moja tu, wafue mashuka mia mbili na sitini."

Ndipo akaanza kuandika ya kwake, nyuma ya karatasi za dobi, zile ndogo zenye namba ya mwanafunzi na idadi ya nguo zake. Kwake hatukuwa na majina. Mtoto wa seneta alikuwa 114, mtoto wa mpishi aliyesomeshwa bure 115, na mashati yao yalizunguka katika mashine moja. Mimi ni 87. Siku moja alinikabidhi furushi langu akasema, "Themanini na saba, mwanangu, soksi zako nimeziombea, lakini sina hakika kama zimesikia." Katika miujiza yake yakumbukwa madoa ya wino yaliyotoweka, na barua za mapenzi alizozikuta mifukoni, akazipiga pasi, akazirudisha zimekunjwa bila kusema neno.

Jaribu lake lilikuja Mei 2012. Kila mwaka shule huchagua kwa kura shairi la kusomwa kwenye mahafali. Mashairi hunakiliwa ubaoni bila majina, na jina la mshindi hutolewa kwenye bahasha mbele ya wote, baada ya mwalimu mkuu kuhutubia juu ya taifa ambalo kila sauti huhesabiwa. Mwanafunzi mmoja, ambaye jina lake halina umuhimu, alikuwa amepewa shairi na Bi Verlene, limebanwa kwa pini kwenye mashati yake safi. Akalitumbukiza katika sanduku la mashairi, pamoja na jina la Bi Verlene ndani ya bahasha, bila kumuuliza, ili tu aone uso wa mwalimu mkuu. Lilisema:

Mia na kumi na nne, jasho lako nimelinusa,
ni lilelile la mia na kumi na tano.
Maji hayakuuliza baba zenu ni nani.
Mbona mnaulizana mkishakauka?

Lilipata kura 143. Bahasha ikafunguliwa, ukumbi ukacheka, na Bi Verlene akaitwa jukwaani na aproni yake iliyolowa maji. Mwalimu mkuu alimwonyesha karatasi na kusema kwamba karatasi zote za mifukoni hupita mikononi mwa dobi. Bila shaka shairi hili alikuwa ameliiba mfukoni mwa mwanafunzi. Nani basi aliliweka sandukuni?

Bi Verlene aliishika karatasi ile, upande wa shairi ukimwelekea mwalimu mkuu. Angeigeuza, namba ya mwanafunzi yule ingeonekana, naye angeitwa mbele na kulazimika kusema kweli. Lakini mwanafunzi yule alikuwa ameshaonywa mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya bata mzinga ndani ya kinanda cha kanisa, na onyo la tatu lilikuwa kufukuzwa. Bi Verlene alimtazama pale safu ya tatu. Mwanafunzi aliinama kufunga kamba ya kiatu.

"Nimefua mashati ya watu mia mbili na sitini," Bi Verlene akasema. "Sijawahi kuchanganya la huyu na la yule. Hili ni langu."

Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo, kwa wizi. Alifariki Machi mwaka huu kwa dada yake, Springfield. Shule ilimpa dakika moja ya kimya. Nilitazama saa, zilikuwa sekunde thelathini na tano. Shairi lake sasa limo katika kijitabu kinachotumwa kwa wazazi, na chini yake pameandikwa "mwanafunzi wetu". Waamini na waige uvumilivu wake.

Insha yangu iliishia hapo. Jana Kasisi Lathrop aliniita, akaweka mezani karatasi ya dobi. Alikuwa msimamizi wa kura. Alikuwa nayo tangu siku ile.

"Sikuigeuza mpaka niliposoma insha yako," alisema. "Hilo ni langu, nitalijibu mimi. Aya ya mwisho utaiandika wewe, na Jumapili utawasomea wote."

Upande wa pili wa shairi palikuwa na mwandiko wa Bi Verlene: 87. Mashati manne, suruali mbili, soksi jozi tano.

Ni mimi. Shairi ni la Verlene Tisdale, na nilijua. Na viatu vyangu siku ile havikuwa na kamba.